Makadirio matatu kwa njia moja ya gari: gharama ya zege inatoka wapi?

Mwenye nyumba mmoja alitaka kubomoa njia ya gari iliyochakaa na kumwaga zege jipya kutoka getini hadi mbele ya gereji. Aliita mafundi watatu. Wote walikuja, wakapima, wakarudisha makadirio. Ya juu kabisa yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya chini. Aliponiletea karatasi hizo alikuwa na swali moja tu: nani kati ya hawa anataka kumwibia?

Nilizisoma zote kwa makini na sikumwona mwizi. Kila fundi alikuwa amepiga hesabu ya kazi yake, na kazi hizo tatu hazikufanana ila kwa urefu na upana. Nimeandika uchambuzi huu kwa sababu naona watu wengi wakichagua fundi kwa kutazama mstari wa mwisho wa karatasi, ilhali fedha zao zimejificha katika mistari ambayo haikuandikwa kabisa.

Kwa kuwa sarafu na bei hutofautiana, nitaita makadirio ya chini kabisa 100 na kupima mengine yote kwa kipimo hicho. Fundi wa kwanza alitaka 100, wa pili 148, wa tatu 196.

Njia yenyewe ina urefu wa mita 22 na upana wa mita 3. Mwishoni kuna eneo la maegesho la mita 5 kwa 4. Jumla ni mita za mraba 86. Zege la zamani lilikuwa la unene wa kubahatisha, wastani wa milimita 90, na lilikuwa limepasuka vibaya sehemu moja: kwenye kona iliyo karibu na ukuta wa nyumba, katika mistari miwili inayofuata magurudumu. Kwingine lilikuwa na nyufa nyembamba tu. Tofauti hiyo ilinivutia kuliko karatasi zote tatu, kwa sababu zege lililomwagwa siku moja haliwezi kufa upande mmoja na kuishi upande mwingine bila sababu.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, bomba la maji ya paa lilikuwa linamwaga maji yake yote pale konani, na udongo wa chini ni mfinyanzi. Mfinyanzi ukilowa huvimba na kulainika, ukikauka husinyaa, na jamvi, yaani bapa la zege lililolala juu yake, hubaki likining'inia juu ya mapengo. Pili, shimo la maji taka liko ndani ya uwanja, mita 14 kutoka getini, na gari la kunyonya maji taka huingia kulihudumia. Hakuna fundi aliyeuliza habari za gari hilo, na mwenye nyumba hakufikiria kulitaja. Yeye akiulizwa ana magari gani, anataja gari lake dogo na la mke wake.

Gari dogo la tani moja na nusu huweka chini ya tani moja kwa kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Lori dogo la ekseli mbili lililojaa laweza kuweka tani 10 kwenye ekseli ya nyuma. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalizaa kanuni ambayo wahandisi bado wanaitumia kwa makadirio: uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa kanuni hiyo lori likipita mara moja huichosha njia kuliko gari dogo likipita mara elfu kumi. Haiwezekani kukadiria bei ya njia ya gari bila kujua ni gari gani. Swali hilo linapaswa kutangulia futi kamba.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Ya fundi wa kwanza ilikuwa na mstari mmoja: kuvunja zege la zamani na kumwaga jipya, mita za mraba 86. Hakuna unene, hakuna uwiano wa mchanganyiko, hakuna neno juu ya msingi wala nondo. Nilimpigia simu kumuuliza, naye akajibu bila kuficha lolote: unene inchi nne, anachanganya zege palepale kwa mashine, kifusi kitasogezwa pembeni ya uwanja, na chini atasawazisha udongo uliopo. Kwa hiyo 100 yake ilikuwa ya kweli kwa kazi aliyokusudia. Lakini zege la zamani ni karibu mita za ujazo 7.7, na kila mita ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400. Huo ni mzigo wa zaidi ya tani 18, ambao ukishavunjwa huchukua nafasi kubwa zaidi kwa sababu ya mapengo kati ya vipande. Kuusogeza pembeni maana yake ni kumwachia mwenye nyumba agharimie malori ya kuuhamisha baadaye. Nilipojaza mapengo yake kwa viwango vya fundi wa pili, yaani kubeba kifusi, kuchimba, kuleta changarawe na kushindilia, kuweka wavu wa chuma na kukata viungio (mikato inayolionyesha zege mahali pa kupasuka), 100 ikafika 151. Aliyeonekana rahisi kuliko wote akawa ghali kumpita wa pili.

Ya fundi wa pili ilikuwa ya mtu anayejua kazi: milimita 100 za zege, milimita 100 za changarawe iliyoshindiliwa, wavu wa milimita 6, viungio vya kukatwa kwa msumeno, kifusi kuondolewa. Alikuwa pia ameongeza ukingo wa mapambo pande zote mbili na mstari wa kupinda pale konani, kwa sababu mwenye nyumba aliwahi kusema anapenda njia isiyonyooka. Zege angeliagiza kutoka kiwandani na kulisukuma kwa matoroli.

Ya fundi wa tatu ilikuwa nene kila mahali: milimita 125 kwa njia nzima, nondo za milimita 12 kila baada ya milimita 200 kwa urefu na kwa upana, zege la rangi lenye nakshi ya kugandamizwa kwenye maegesho, pampu, na bomba la kupeleka maji ya paa nje. Kati ya watatu ndiye pekee aliyeyaona maji ya paa, na kwa hilo namheshimu.

Watu husikia unene na kudhani ni suala la kuongeza kidogo tu, kumbe hapo ndipo hesabu inapogeuka. Uwezo wa jamvi kustahimili kupinda haupandi sawasawa na unene; hupanda kwa mraba wake. Ukitoka milimita 100 kwenda 125 unaongeza robo ya zege, lakini uwezo unapanda kwa zaidi ya nusu. Ukienda 150 unaongeza nusu ya zege na kupata uwezo wa mara mbili na robo. Ndiyo maana kupunguza unene ni akiba mbaya kuliko zote: fundi anayekupunja milimita 20 anakuachia hasara kubwa mno kuliko zege alilobakiza.

Lakini hesabu hiyohiyo inamkosoa pia fundi wa tatu. Milimita 125 kwa mita za mraba 86 ni mita za ujazo 10.75. Nilipendekeza tuigawe njia: mita 14 za kwanza, zinazokanyagwa na lori, ziwe na milimita 150, mita 8 zilizobaki na maegesho, ambako huingia magari madogo tu, ziwe na milimita 100. Hiyo ni 6.3 na 2.4 na 2, jumla 10.7. Zege ni lilelile, ila limewekwa pale lori linapopita badala ya kutandazwa mahali pasipo na kazi. Panapokutana unene wa aina mbili, msingi huteremshwa taratibu kwa umbali wa kama mita moja, na kiungio hukatwa hapo, la sivyo ule mwachano wa ghafla utajichagulia ufa.

Kwa chuma tulifanya vivyo hivyo. Nondo za 12 kila milimita 200 pande mbili ni karibu kilo 9 kwa mita ya mraba. Kwa eneo lote zinapita kilo 760 kabla ya maungio. Tuliweka nondo za 10 kila milimita 300 kwenye sehemu ya lori na wavu wa milimita 6 kwingine, jumla takriban kilo 270. Chuma katika jamvi lililolala ardhini hakizuii ufa kutokea. Kazi yake ni kuushika usifunguke, na kwa hilo kinatakiwa kikae katikati ya unene au juu kidogo ya hapo. Wavu uliotandazwa juu ya changarawe na kumwagiwa zege ni fedha iliyozikwa. Vitofali vidogo vya kuuinua havina gharama ya kutajika, na bado ndivyo vinavyosahaulika mara nyingi zaidi.

Geti

Jambo lililosukuma bei bila mtu yeyote kulitarajia lilikuwa upana wa geti: mita 2.6. Gari la maji taka hupenya kwa shida, lakini lori la zege lililobeba mita za ujazo 6 lina zaidi ya tani 14 za zege peke yake, ukiacha uzito wa gari, na lina upana unaokaribia kabisa ule wa geti. Hakuna dereva atakayeingia pale kwa kukunja kona kutoka barabarani. Kwa hiyo zege lazima lisafiri kutoka nje.

Fundi wa pili aliweka matoroli. Tuhesabu: pamoja na ziada ya asilimia 10 kwa upotevu na mashimo ya msingi, mahitaji ni karibu mita za ujazo 11.8. Toroli la lita 60 linabeba kilo zaidi ya 140, na safari ni karibu 200. Lori la kwanza pekee ni safari 100. Vibarua wanne wakizunguka bila kupumzika kwa dakika tatu kila mzunguko watamaliza kwa dakika 75, na hiyo ni siku ambayo hakuna toroli linalopinduka. Kipimo cha kawaida kwa zege la kiwandani ni kulimwaga ndani ya dakika 90 tangu maji yalipoguswa na saruji, na safari ya kutoka kiwandani imeshakula sehemu ya muda huo.

Muda ukibana, mtu fulani huomba maji yaongezwe ili zege litiririke. Hapo ndipo bei ya chini hulipwa. Lita 5 za maji ya ziada kwa mita ya ujazo hulainisha zege kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na huliibia takriban megapaskali 1.4 za nguvu (megapaskali ndicho kipimo cha uimara wa zege). Ongeza ndoo mbili tatu kwa kila mita ya ujazo, na zege uliloagiza likiwa la megapaskali 25 halifiki hata 20. Sura yake haitakuambia lolote siku hiyo. Litaanza kumomonyoka juu baadaye, vumbi likitoka kila unapofagia.

Pampu iliongeza 9 na ikapunguza 4 za vibarua. Niliitetea kwa nguvu zote, japo kwenye karatasi ilionekana anasa. Kwa njia fupi au geti pana nisingeitetea. Kuchanganya palepale kwa mashine nako ni njia halali, hasa mahali zege la kiwandani halifiki: unamwaga kipande kimoja kwa siku, hakuna haraka, wala hakuna pampu. Lakini kwa ukubwa huu ni kama mifuko 80 ya saruji, na kila mchanganyo unahitaji mtu anayepima mchanga, kokoto na maji kwa sanduku, si kwa koleo na jicho. Mtu huyo naye ana ujira, ambao fundi wa kwanza hakuuweka.

Kuna jambo dogo linalohusu malori ambalo wenye nyumba wengi hawaambiwi. Milimita 100 kwa eneo lote, pamoja na ziada, zingehitaji mita za ujazo 9.5. Hilo ni lori moja la 6 na jingine lililojaa nusu na kidogo, na viwanda vingi hutoza nyongeza kwa lori lisilojaa. Mpango wetu wa 11.8 ulijaza malori yote mawili. Zege la ziada kwa ajili ya unene likagharimu kama 8 tu, kwa kuwa lori la pili lingekuja kwa vyovyote.

Ardhi

Katika mpango wetu, kuvunja na kubeba kifusi kulikula 24. Kuchimba, changarawe, kitambaa cha kutenganisha na kushindilia kulikula 38. Zege lenyewe lilikuwa 43. Kwa hiyo kazi iliyofanyika kabla tone la zege halijamwagwa ilikuwa ghali kuliko zege. Mtu akikuuliza bei ya mita ya ujazo ya zege ili ajue njia yake itagharimu kiasi gani, ameuliza robo tu ya swali. Zilizobaki ni 9 za pampu, 12 za chuma, 26 za mbao za fomu (zinazoshikilia kingo za zege likimwagwa) pamoja na kumwaga, kusawazisha na kukata, na 6 za bomba la maji ya paa. Jumla 158.

Pale konani udongo ulikuwa laini kiasi kwamba nondo iliyosukumwa kwa mkono ilizama. Tuliuchimba zaidi, tukajaza vipande vya zege la zamani vilivyopondwa vidogo, kisha kitambaa, kisha changarawe kwa tabaka za kushindiliwa moja moja. Kushindilia milimita 150 kwa mpigo mmoja kwa mashine ndogo ya bapa hakufai. Juu panakuwa pagumu na chini panabaki palegevu. Kitambaa kinazuia changarawe isimezwe na mfinyanzi, na gharama yake ukiilinganisha na changarawe itakayopotea haistahili hata mjadala.

Kwa kuwa hakuna aliyejua ulaini ule unaishia wapi, tulikubaliana mapema bei ya kila mita ya ujazo ya uchimbaji wa ziada, ikaandikwa kwenye mkataba. Ilipotokea kwamba ulaini unakwenda chini zaidi, hesabu iliongezeka kwa 3 na hakuna aliyegombana. Bila mstari huo, fundi angekuwa na njia mbili: kufunika ulaini akae kimya, au kusimamisha kazi na kutaja bei huku uwanja wako umechimbuka na gari lako liko nje.

Tulichoondoa

Ukingo wa mapambo ulitoka, na mstari wa kupinda ukanyooshwa. Fomu ya mstari ulionyooka ni ubao mmoja na vigingi. Ya kupinda hukatwa vipande vyembamba, huhitaji vigingi vingi, na huongeza saa za fundi ambazo hazionekani kwenye zege. Viwili hivi vilirudisha 16. Nakshi na rangi za fundi wa tatu hatukuzichukua. Zege la nakshi huhitaji mikono mingi kwa wakati mmoja kabla halijakauka, dawa ya kuzuia kalibu zisigande, na kupakwa kinga upya kila baada ya miaka michache, gharama ambayo haimo kwenye makadirio yoyote. Mwenye nyumba alihuzunika kidogo. Nilimwambia wazi kwamba kama fedha zinatosha kwa kimoja tu, ziende chini ya zege. Uso ulipigwa ufagio kwa kukata mteremko, na hiyo inatosha kabisa kwa tairi lenye maji.

Viungio vilikatwa kila mita 3.5 kwenye sehemu nene na chini ya mita 2.7 kwenye sehemu nyembamba. Kanuni ni umbali usiozidi mara 30 ya unene, na vipande vinavyokaribia mraba. Kina cha mkato ni robo ya unene: milimita 38 hapa, 25 pale. Vilikatwa jioni ya siku ileile, kwa sababu zege haliwezi kungoja kesho. Usipolionyesha mahali pa kupasuka litachagua lenyewe usiku. Kwenye ukuta wa nyumba kuliachwa pengo lenye kijazio laini, ili jamvi likipanuka lisisukume ukuta.

Kisha siku 7 za kumwagilia na kufunika kwa nailoni. Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote kwa fedha na ndiyo inayoachwa kwanza, maana fundi amekwishalipwa na mwenye nyumba anadhani zege linakauka. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Linazipata kwa saruji kuendelea kufanya kazi na maji. Kwa hiyo tulizuia sehemu ya malipo hadi siku ya 28, na kumwagilia kukaandikwa kuwa jukumu la fundi. Magari madogo yaliruhusiwa baada ya siku 7, lori la maji taka baada ya 28.

Hesabu ya mwisho ilikuwa 161, kwa mikono ya fundi wa pili. Mwenye nyumba aliniuliza ingekuwaje kama shimo la maji taka lingekuwa nje ya uwanja. Nikampigia hesabu upya: milimita 100 kote, changarawe milimita 100, wavu mwepesi kote, kona ikirekebishwa vilevile, pampu ikibaki kwa sababu ya geti. Ilitoka kama 144. Na kama kusingekuwa na zege la zamani la kuvunja, 120. Akaniuliza tena kama kuna namna ya kuifikisha 100. Ipo: aufupishe urefu wa njia, au maegesho ayaache ya changarawe tupu hadi mwaka mwingine, fomu ya mwisho ikiachiwa nondo fupi za kuunganishia zege litakalofuata.